Mikroni Nne

Chini ya jengo la maabara, Upanga,
kuna chumba kisicho na dirisha
na makabati ya chuma yaliyoota kutu miguuni.
Humo tunatunza vipande vya watu ndani ya nta,
kila kimoja kama kisabuni cha gesti.

Daktari Rwechungura ana utafiti mpya.
Anataka vya zamani, vya miaka ya tisini,
avisome vinasaba kwa mashine iliyokuja juzi.
"Siwema," akasema, "nikatie mia mbili."
Nikashuka na karai na orodha.

Kwenye namba mia na kumi na saba nikamkuta baba.

Hakuandikwa baba. Aliandikwa K. Mwinyigoha,
me, miaka hamsini na nne, tezi la shingo,
kwa mwandiko wa fundi aliyekwisha kustaafu,
wino umefifia kama chai ya majani yaliyorudiwa.

Alikuwa mlinzi wa msitu, Pugu.
Panga, gamba la kitambulisho, daftari la mistari.
Wenzake waliandika doria: nani kakamatwa,
magunia mangapi ya mkaa.
Yeye aliandika na yasiyoulizwa:
"Jumanne. Mvule umeanguka wenyewe, si mkono wa mtu.
Nimeuacha ulale. Mwanga umeingia."

Na pembeni, herufi ndogo, kama aliona haya:

     Msitu sikuupanda, nimeukuta waota,
     Kazi yangu ni kulinda, hesabu bila kusita,
     Mji unavyojitanda, mipaka unaipita,
     Siku nitakayokwenda, nani atakayeita?

Nikaiweka nta juu ya barafu, kisha kwenye kisu.
Mikroni nne. Wembamba ambao
unywele mbele yake ni ukuta.
Utepe ukatoka umejikunja;
nikaulaza kwenye maji ya uvuguvugu
ukanyooka kama mkeka.
Mkono haukutetemeka. Ulikuja kutetemeka baadaye,
nikifunga kifuniko cha chupa.

Chupa ya hematoksilini, bei imepanda tena.
Wachache wanajua kuwa rangi hii huchemshwa
kutoka moyo wa mti,
mti wa ng'ambo, sijapata kuuona.
Bila huo, chini ya lenzi ni ukungu mtupu.
Unahitaji moyo wa mti
ili kiini cha mtu kijionyeshe.

Vikajionyesha. Vimebanana, vimenywa rangi kupita kiasi,
buluu nzito kama kidole cha siku ya kura.
Rwechungura akainama, hajui ni ya nani.
"Watu hudhani ni mvamizi," akasema.
"Hizi ni zake mwenyewe. Zilikataa tu kuanguka."

Nikakumbuka mvule wa Jumanne.
Sikumwambia. Nikabandika namba,
kama nilivyowabandika wengine wote,
nao pia walikuwa baba za watu.

Jumapili nikaenda Pugu na daftari.
Jiwe la mpaka namba thelathini na moja
liko uani kwa mama muuza maandazi.
Analisugulia visigino.
"Nimelikuta," akasema, kabla sijamuuliza kitu,
kwa sauti ya mtu aliyezoea maofisa.

Nikamwambia sikutumwa. Nikamwonyesha mwandiko.
Akaushika ukurasa kwa ncha za vidole,
maana vilikuwa na unga,
akausoma ule ubeti hadi mwisho, midomo ikicheza,
akanirudishia bila neno.

Nyuma ya choo chake palikuwa na mche,
majani sita, mawili yametobolewa na wadudu.
Nikainama. Nikautaja jina, kwa sauti.

"Mvule? Huo?" akacheka.
"Nami nilidhani gugu.
Kesho ningeung'oa."